Kazi ya Mshawishi wa Sheria

Muhula uliopita, katika mdahalo wa shule, nilisema kwamba kila mtu alipwaye ili aseme na wabunge ni mtoa rushwa. Nilipigiwa makofi mengi. Kisha mwanafunzi wa Kidato cha Pili akauliza, "Kaka, mtu huyo huvunja sheria gani?" Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nalikwenda maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Huko Marekani kazi hii ni halali. Katiba yao, katika marekebisho ya kwanza yaliyothibitishwa mwaka 1791, inalinda haki ya watu kupeleka maombi yao serikalini. Sheria ya mwaka 1995 yamlazimu mshawishi ajiandikishe, amtaje anayemtumikia na mambo anayoyasemea. Tangu sheria ya mwaka 2007, taarifa hizo hutolewa kila miezi mitatu, na yeyote aweza kuzisoma.

Wengi huanza wakiwa makarani au washauri wa wabunge, na hapo hujifunza jinsi muswada unavyopita katika kamati. Atakaye kusemea mitambo mipya na ulinzi wa nchi hana budi aielewe mitambo yenyewe pia, maana ataulizwa. Tena, aliyekuwa seneta hungoja miaka 2 kabla ya kuwashawishi wenzake wa zamani. Aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hungoja mwaka 1.

Tuchukue mfano wa chipu, yaani vipande vidogo vya silikoni viongozavyo simu zetu, na makombora pia. Chama cha Viwanda vya Semikonda kiliwaambia wabunge kwamba sehemu ya Marekani katika utengenezaji wa chipu duniani imeshuka toka asilimia 37 mwaka 1990 hata asilimia 12, na kwamba jambo hilo ni hatari kwa usalama. Tarehe 9 Agosti 2022 Rais Biden alitia sahihi sheria iliyotenga karibu dola bilioni 53 kwa ajili ya chipu. Oktoba mwaka huo huo serikali ikazuia chipu zenye nguvu sana zisiuzwe China. Basi Julai 2023 chama kile kile kikaiomba serikali isiongeze vizuizi, kwa kuwa viwanda vyahitaji soko lile kubwa. Oktoba 2023 serikali ikaviongeza.

Niliposoma hayo nilidhani nimemkamata mwongo. Nilipoyafikiri tena niliona sivyo. Mara ya kwanza faida ya viwanda na usalama wa nchi vilikwenda njia moja. Mara ya pili njia zikaachana, naye msemaji akafuata ile ya waliomtuma. Wazee wetu walisema: mwamba ngozi huvutia kwake. Hatari iko pale ambapo mwamba ngozi ni mmoja tu. Mwenye kiwanda aweza kulipa msemaji kila siku. Askari atakayepelekwa vitani, au mkulima alipaye kodi, hana wa kumkalia mbunge mlangoni.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kidato cha Pili, pokea jibu lako, ijapokuwa limechelewa. Mtu huyo havunji sheria, nami nilikosa kumwita mtoa rushwa. Lakini kila asemapo "usalama wa nchi", tuulize kwanza ametumwa na nani, kisha tuulize ni nani asiyekuwamo chumbani.