Tunza Mafigo Yaliyobaki

Mkulima akivunjika mguu hujua saa ile ile. Ng'ombe wake akivimba tumbo humwona kwa macho. Lakini mafigo ya mtu yaweza kuharibika mwaka hata mwaka asisikie maumivu yoyote, akalima, akakamua, akaenda sokoni kama desturi yake, mpaka siku anapoamka na uso uliovimba na hana hamu ya chakula. Siku hiyo akipimwa huambiwa kwamba sehemu kubwa ya mafigo yake imekwisha kufa. Kwa sababu hiyo yafaa wewe unayelima katika skimu ya makazi uzijue habari za ugonjwa huu mapema, maana mengi yanayoharibu mafigo, na mengi yanayoyalinda, yamo jikoni mwako na shambani mwako.

Mafigo ni mawili, kila moja kadiri ya ngumi ya mkono, nayo yako upande wa mgongo chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana kadiri ya milioni moja. Kwa siku moja mafigo huchuja kama lita 180 za maji ya damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja na nusu au mbili tu kuwa mkojo. Humo hutoka uchafu na chumvi iliyozidi. Tena mafigo ndiyo yanayosaidia kuweka presha sawa na kuufanya mwili utengeneze damu mpya.

Kichujio kikifa hakioti tena. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa, kwa kuwa hakukosi mtu sokoni mwenye chupa anayesema kwamba dawa yake huosha figo na kulifanya jipya. Usimpe fedha yako. Udongo wa mteremko ukiisha kuchukuliwa na mvua huwezi kuurudisha, lakini waweza kuchimba matuta ukaulinda uliobaki, na shamba likakulisha miaka mingi. Kazi ya mgonjwa wa mafigo ni hiyo hiyo. Mara nyingine kipimo hupanda kidogo akiacha dawa iliyokuwa ikimdhuru au presha ikitulia, lakini faida kubwa ni kwamba hakishuki upesi.

Maadui wawili wakubwa wa mafigo ni presha ya damu na ugonjwa wa sukari, na wote wawili huja kimya. Basi pima. Wahudumu wa afya wa vijijini walianza mwaka 2023 kupewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, na wengine hufika mpaka mlangoni. Ukionekana una mojawapo, au jamaa yako alikufa kwa mafigo, mwombe daktari vipimo viwili: kimoja cha damu, kiitwacho kreatinini, na kimoja cha mkojo, kuona kama protini inavuja. Kutokana na kreatinini daktari hupata nambari ya nguvu ya mafigo. Ikiwa 90 au zaidi na mkojo ni safi, ni vizuri. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa. Ikishuka chini ya 15, mafigo yamechoka, na wengi hapo huhitaji damu yao kusafishwa kwa mashine.

Kusafishwa damu kwa mashine ni mara mbili au tatu kila juma, kadiri ya saa nne kila mara. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imeshika mahali pa NHIF, nayo husaidia gharama za mashine. Lakini nauli ni yako, na siku ni zako. Mwenye ng'ombe wa maziwa na shamba la viazi ajua maana ya kukosa siku mbili au tatu kila juma, mwaka mzima.

Sasa tuje jikoni. La kwanza ni chumvi, kwa sababu chumvi hupandisha presha, na presha hupasua vichujio. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kisichojaa kupita ukingo. Hiyo ni ya siku nzima, pamoja na iliyomo katika mkate, soseji, na vile vipande na unga wa kutia ladha mchuzi. Ondoa kopo la chumvi mezani. Mboga itiwe chumvi mara moja tu, jikoni, na ladha itafutwe kwa kitunguu, dhania, tangawizi na ndimu. Mwezi wa kwanza chakula kitaonekana hakina maana. Baadaye ulimi huzoea.

Lakini iko chumvi nyingine ambayo wengi hawaihesabu, nayo ni magadi. Akina mama hutia magadi katika githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi, na katika mboga ngumu ili zilainike. Magadi yale yatoka Ziwa Magadi, na yamejaa sodiamu, kitu kile kile kilichomo katika chumvi, ijapokuwa ulimi hausikii chumvi. Mtu aweza kuacha chumvi kabisa na presha isishuke, kumbe sufuria lina magadi kila siku. Badala yake, loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, kisha pika kwa maji mapya. Yataiva vema, na kuni hazitaliwa sana.

Kwa wenzetu wa upande wa Magharibi yafaa neno jingine. Huko watu hulainisha mboga kwa maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe. Maji yale yana potasiamu nyingi, ndiyo ile potashi mnayoijua katika mbolea ya N.P.K. Mtu mzima wa afya haimdhuru. Lakini mafigo yakidhoofika sana hushindwa kuitoa, nayo ikizidi katika damu yaweza kusimamisha moyo ghafula. Hatari hiyo hiyo imo katika chumvi ya dukani iuzwayo kwamba imepunguzwa sodiamu, maana mara nyingi wameweka potasiamu mahali pake. Mgonjwa wa mafigo asiinunue bila kumwuliza daktari.

Je, mgonjwa aache viazi, ndizi, parachichi na maharagwe, ambavyo vina potasiamu? Asiache kwa uvumi. Ikiwa damu imepimwa na potasiamu si nyingi, na ale. Ikiwa imezidi, apunguze kadiri atakavyoambiwa, na mkulima wa Kinangop asidhani kwamba viazi vyake vimekuwa sumu. Vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi, na maji yale yamwagwe. Potasiamu nyingi hutoka nayo. Viazi vya kuoka au kukaanga vibichi havipotezi kitu.

Kosa jingine ni la wale wanaoogopa kupita kiasi. Mtu akisikia ana ugonjwa wa mafigo huacha maziwa, mayai, nyama na maharagwe siku moja, akabaki na ugali na chai, akakonda. Hilo si jema. Mgonjwa ambaye hajafika kwenye mashine, mwenye uzito wa kilo 60, huhitaji kama gramu 48 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, na maharagwe na unga wa mahindi huongeza zao. Linalokatazwa ni sahani ya nyama choma ya kilo nzima, si kikombe cha maziwa ya ng'ombe wako.

Jambo ambalo kwa maoni yetu huwadhuru wakulima wengi bila kujua ni vidonge vya maumivu. Baada ya kuchimba viazi au kukata miwa mgongo huuma, na dukani hupatikana diklofenaki na ibuprofeni bila kuulizwa neno. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia katika mafigo. Ukizimeza siku baada ya siku, na hasa ukiwa umetoka jasho jingi na hukunywa maji, unayaumiza. Mwenye presha, sukari au mafigo dhaifu asizitumie bila daktari. Parasetamo kwa kipimo chake ni afadhali. Dawa za mitishamba pia si zote salama kwa sababu tu zimetoka msituni, na zipo zinazojulikana kuua mafigo.

Habari za joto si za kupuuzwa. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador walieleza habari za vibarua wa mashamba waliokufa mafigo bila kuwa na sukari wala presha. Katika nchi zile wakata miwa ndio walioumia sana. Wachunguzi wengi huona kwamba kazi nzito katika jua kali na upungufu wa maji ni sehemu kubwa ya sababu. Ninyi wa miwa Muhoroni, na wa mpunga Mwea, anzeni kazi alfajiri, pumzikeni kivulini jua linapokuwa kali, na maji yawe shambani, si nyumbani. Ila mgonjwa aliyevimba miguu asijilazimishe kunywa maji mengi, bali afuate kipimo cha daktari.

Vidonge vya presha humezwa kila siku, hata ukijisikia mzima. Wagonjwa wengi wa mafigo huambiwa wafikishe presha chini ya 130 kwa 80. Ukienda kliniki chukua pakiti zote za dawa unazotumia, pamoja na za dukani na chupa ya mitishamba kama unayo, uziweke mezani mbele ya daktari, na umwambie pia kama nyumbani hupikwa kwa magadi.