Bei ya Ahadi: Kukokotoa Opsheni Bila Kuitesa Kompyuta

Chukulia mkulima wa Kolandoto ana gunia la mpunga, na bei ya leo ni shilingi 80,000. Mfanyabiashara anamwambia: "Chukua 2,000 sasa hivi, halafu baada ya miezi miwili niwe na haki ya kulinunua kwa 80,000 hiyohiyo. Nisipotaka, naacha." Haki hiyo ndiyo opsheni. Je, 2,000 inatosha?

Tuseme kila mwezi bei inapanda au kushuka kwa 10,000, na tuache riba na gharama za ghala. Mwishoni bei itakuwa 100,000, 80,000 au 60,000. Kwa hiyo haki ile itakuwa na thamani ya 20,000, 0 au 0. Sasa rudi nyuma: thamani ya kila kituo ni wastani wa vituo viwili vinavyokifuata, kwa sababu bei ya kila kituo iko katikati kabisa ya bei mbili zijazo. Mwezi wa kwanza tunapata 10,000 na 0, leo, 5,000. Mkulima anapunjwa 3,000!

Njia hii ya mti wa bei ilichapishwa na Cox, Ross na Rubinstein mwaka 1979. Ujanja wake ni kwamba kupanda kisha kushuka, au kushuka kisha kupanda, hukufikisha palepale. Kwa hatua 20, njia zote ni 1,048,576, lakini vituo ni 231 tu. Kwa hiyo kabla hujailaumu laptop kwamba inaganda, hebu angalia: programu yako inahesabu njia au vituo?