Mtu wa Hadithi Yako Akikuchukiza, Ufanye Nini?

SOMO LA UANDISHI



Wengi kati yenu mliohitimu kisomo hamkuishia kusoma vibao na kuandika barua. Mnaandika hadithi. Wengine huandika kwenye daftari la mtoto, kurasa za nyuma, usiku kazi zikiisha. Hilo ni jambo jema sana.

Lakini hadithi nyingi hufia njiani. Zinafika ukurasa wa tatu au wa nne, basi. Ukimwuliza mwandishi kwa nini hakuimaliza, mara nyingi hujibu hivi: "Yule mtu niliyemtunga simpendi. Ananichosha." Leo tutajifunza kwa nini hali hiyo hutokea, na namna ya kuitibu.

Kwanza tukumbushane neno moja. Mtu aliyemo ndani ya hadithi huitwa mhusika. Wakiwa wengi ni wahusika. Mhusika anaweza kuwa mtu wa kubuni kabisa, au anaweza kutokana na mtu aliyepata kuishi.

HATA WAANDISHI WAKUBWA HUCHOKA

Usidhani jambo hili ni la wanaoanza tu. Huko Uingereza alikuwako mwandishi aitwaye Arthur Conan Doyle. Mwaka 1887 alitoa hadithi ya mpelelezi aitwaye Sherlock Holmes. Wasomaji walimpenda mpelelezi huyo kupita kiasi, wakataka hadithi zake kila mara. Mwandishi mwenyewe akamchoka. Mwaka 1893 akaandika hadithi ambamo Holmes anaangamia kwenye maporomoko ya maji. Wasomaji wakalalamika sana. Mwaka 1903 mwandishi akakubali yaishe, akamrudisha akiwa hai.

Hata huku kwetu tunaye mpelelezi wa namna hiyo. Ni Bwana Msa, mvuta kiko, aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960.

Sasa angalia tofauti. Conan Doyle alimchoka mtu aliyekaa naye miaka mingi, akimjua tabia zake zote. Sisi tunaoanza humchukia mtu ambaye bado hatujamjua. Tumempa jina, tumempa kosa moja au sifa moja, kisha tunashangaa kwamba hatuna hamu ya kukaa naye.

SABABU TATU ZA KUMCHUKIA MHUSIKA

1. Mhusika amekuwa bango. Tunamtaka atufundishie jambo, kwa hiyo tunampa sifa moja tu: mlevi, mvivu, mke mwema, kijana mtiifu. Bango ukilisoma mara moja umelimaliza. Wapo wanaosema, "Lakini mbona Shaaban Robert aliwapa watu wake majina ya sifa?" Ni kweli. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, yumo Karama, na mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Lakini Karama anasimama barazani siku sita akijitetea kwa hoja. Jina lake ni la sifa, ila kazi anayoifanya ni kubwa kuliko jina. Sisi huchukua jina tukaiacha kazi.

2. Mhusika amekuwa kisasi. Mtu amegombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba au mkopo wa mashine ya boti. Anarudi nyumbani anamtia jirani kwenye hadithi na kumpa kila ubaya. Kurasa mbili za kwanza zinakwenda mbio, maana hasira bado ina moto. Hasira ikipoa, kalamu nayo inasimama. Tena ni hatari, kwa sababu kijijini watu watamtambua, na ugomvi utakuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

3. Mhusika amekuwa malaika. Mwandishi anaogopa watu watasema, "Kumbe huyu ni wewe!" Basi anamsafisha mhusika hadi asiwe na doa. Hakosei, hachoki, hakasiriki. Mtu wa namna hiyo hata ukikutana naye kivukoni, hujui mtazungumza nini.

MFANO WA HAPA KWETU: KINJEKETILE

Watu wa Rufiji wanalijua jina la Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe. Ndiye aliyewapa watu maji ya dawa, wakaungana kuwapinga Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Vita vyenyewe viliendelea mpaka mwaka 1907.

Mtu huyu mmoja amesimuliwa kwa namna nyingi. Kwa Wajerumani alikuwa mchawi aliyewadanganya watu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, masimulizi ya taifa yalimweka katika safu ya mashujaa. Mchawi ni neno moja. Shujaa nalo ni neno moja.

Mwaka 1969 ulichapishwa mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani yetu ya kusini. Mwandishi huyu alikuwa na njia mbili rahisi mbele yake, ya kumlaani au ya kumsifu. Hakuchukua hata moja. Alieleza kwamba Kinjeketile wa mchezo ni mtu wa kubuni, asichukuliwe kuwa sawasawa na yule wa historia. Kisha akampa kitu ambacho mabango hayana: mashaka.

Katika mchezo, Kinjeketile anazama mtoni akiwa amepagawa na Hongo, anatoka na habari ya maji na umoja. Watu wanafurahi. Lakini baadaye anatambua kuwa katika maneno aliyoyatoa mwenyewe yamo yanayosema kwamba, wakisha kumshinda Mjerumani, watakuwa watu wa Seyyid Said, yaani wa Sultani wa Unguja. Anashtuka. Je, wamtoe bwana mmoja wamwingize mwingine? Anataka kuwazuia watu, lakini watu hawazuiliki tena. Mwisho yuko kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji ni uongo. Yeye mwenyewe ana wasiwasi nayo. Hata hivyo anakataa kusema, kwa sababu anajua akikana, vizazi vitakavyokuja vitaambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania haki yao.

Mtu huyo humchoki. Unaweza kubishana naye usiku kucha. Alifanya vizuri? Alifanya vibaya? Angefanya nini? Ndiyo maana mchezo huo umesomwa na kuigizwa miaka mingi.

TUFANYE KAZI PAMOJA: MZEE WA BONDENI

Sasa tuchukue habari tunayoijua sote. Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika vibaya. Baada ya hapo watu wengi wa bonde walihamishiwa sehemu za juu, kwenye vijiji vya Ujamaa. Wapo waliokwenda kwa furaha, wapo waliokwenda kwa shingo upande, na wapo waliorudi bondeni kila msimu wa kilimo. Tuseme mwandishi anataka kutunga hadithi ya mzee aliyekataa kuhama. Anaandika hivi:

"Mzee Mkaidi alikuwa mtu mkaidi sana. Watu wote waliambiwa wahame kwa sababu ya mafuriko. Wote walihama. Mzee Mkaidi alikataa, kwa kuwa hakupenda maendeleo. Akabaki peke yake kwenye dungu lake. Mwisho maji yakaja yakamchukua. Huo ndio mwisho wa mkaidi."

Hadithi imekwisha kwa mistari michache, na mwandishi hana hamu ya kuongeza hata mmoja. Kwa nini? Tangu neno la pili amekwisha kumhukumu mtu wake. Kazi iliyobaki ni kungoja maji tu.

Hebu tumwulize mzee huyu maswali. Kwa nini hataki kuhama? Mkulima yeyote wa Rufiji anaweza kumjibia. Maji yale yale yanayobomoa nyumba ndiyo yanayoleta udongo wenye rutuba. Yakikauka, watu hupanda mlau kwenye ardhi mbichi. Kule juu shamba hutegemea mvua peke yake. Tena shamba likibaki bondeni na mwenyewe akaishi juu, nani atalinda mpunga, ndege wakija asubuhi na nguruwe wakija usiku? Dungu lilijengwa kwa ajili hiyo. Kumbe mzee ana hesabu zake.

Tuendelee. Anamwogopa nani? Anampenda nani? Ana siri gani? Baada ya kuuliza, tunaweza kuandika hivi:

"Mzee Selemani alikuwa na kijiti cha kupimia mto. Alfajiri hukichomeka ukingoni, na jioni huenda kutazama maji yamefika wapi. Alifundishwa na baba yake. Mwaka ule kijiti kilifunikwa mara tatu, naye hakumwambia mtu. Mkewe alikuwa amekwisha kuhamia juu pamoja na wajukuu. Kila Ijumaa alimletea unga, akamwuliza, 'Baba Asha, unangoja nini?' Mzee hujibu, 'Nangoja maji yapungue, nipande mlau.' Hakutaja kaburi la Asha lililokuwa nyuma ya dungu. Mkewe naye hakulitaja. Aliweka unga, akachukua kikapu kitupu, akaondoka kabla jua halijakuwa kali."

Je, mzee huyu bado ni mkaidi? Ndiyo. Anaficha habari ya kijiti? Ndiyo, na ni kosa kubwa, maana linaweza kuwaponza wengine. Maji yanaweza kumchukua? Hilo ni shauri lako, hadithi ni yako. Lakini sasa yakimchukua, msomaji hatasema "Shauri yake." Atamwaza yule mama na kikapu chake.

Jambo hili si mchezo tu wa maneno. Kazi za ofisi hutaka orodha: waliokubali, waliokataa. Orodha lazima ziwepo, bila hizo kazi haziendi. Lakini wako wasomaji wa ukurasa huu ambao babu zao waliandikwa katika safu ya pili, na sababu zao hazikuandikwa mahali popote. Mjukuu anayejua kusoma na kuandika ndiye anayeweza kuziandika. Naye akianza kwa neno "mkaidi", atakuwa ameinakili orodha ile ile.

MAMBO MATANO YA KUMPA MHUSIKA

Mhusika akikuchukiza, usichane daftari. Mpe mambo haya matano, moja moja.

1. Mpe haja. Anataka nini leo, kabla jua halijazama? Mnunuzi wa kamba anayepunja mizani anataka fedha, hiyo tunajua. Fedha za nini? Labda ana deni mjini na mdai wake hana huruma.

2. Mpe hofu. Mtu asiye na hofu hana hadithi.

3. Mpe kazi, tena uiandike kama inavyofanywa. Kama ni mkata mikoko wa Salale, onyesha anavyongoja maji yajae ndipo aelee na mzigo. Mikono ikifanya kazi, mtu huonekana.

4. Mpe mtu anayempenda. Hata mkorofi ana mtoto anayemkimbilia akirudi.

5. Mpe nafasi ya kujibu. Mwandikie sentensi tatu za kujitetea, kwa maneno yake mwenyewe. Ukishindwa kumwandikia utetezi, ujue bado hujamfahamu.

Na kama umemtoa kwa jirani, changanya watu watatu katika mmoja: kicheko cha huyu, kazi ya yule, kosa la mwingine. Badili jina, badili kijiji. Hivyo hutamvunjia mtu heshima, na mhusika wako atapata maisha yake mwenyewe.

KUMPENDA SI KUMSIFU

Wengine watauliza: "Sasa tuwapende walevi na wezi?" Hapana. Kumpenda mhusika ni kukubali kukaa naye mpaka umjue. Makosa yake yanabaki kuwa makosa.

Tazama Rosa Mistika, kitabu cha Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971. Rosa ni binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapoondoka nyumbani hajui namna ya kuishi na wanaume, anapotea, na mwisho wake ni wa huzuni. Kwa muda kitabu hicho kilikatazwa mashuleni, maana watu waliona kinaeleza mambo ya aibu waziwazi. Lakini mwandishi hakumsifu Rosa hata kidogo. Alifanya jambo gumu zaidi: alituonyesha njia aliyopita hatua kwa hatua, tangu nyumbani kwa baba yake, hadi mzazi anayesoma anajiuliza habari za nyumba yake mwenyewe. Bango la "binti mpotevu" lisingeweza kufanya hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja sababu tatu zinazomfanya mwandishi amchukie mhusika wake. Ipi imewahi kukupata?

2. Kinjeketile wa mchezo alikuwa na mashaka na maji, lakini alikataa kuyakana. Je, mnamwona alifanya sawa? Kila mmoja atoe sababu.

3. Mzee Selemani alificha habari ya kijiti. Mwandikieni sentensi tatu za kujitetea. Kisha mwandikieni mkewe sentensi tatu za kumjibu.

ZOEZI

Chukua hadithi uliyoiacha njiani. Tafuta mhusika unayemchukia kuliko wote. Andika ukurasa mmoja juu ya asubuhi yake, tangu anapoamka hadi anapotoka nyumbani. Usitumie neno lolote la kumhukumu. Ukimaliza, msomee mwenzako, umwulize swali moja tu: "Ungependa kujua nini tena juu ya mtu huyu?" Akijibu, jibu lake ndilo ukurasa wako wa pili.

Kazi njema.