Fremu ya Plastiki Inapozeeka

Kwa nini fremu yangu ya miwani ina weupe usiotoka kwa kufuta?

Huenda si uchafu. Fremu nyingi za plastiki, hasa zenye mabaka ya gamba la kasa, ni za asetati, inayotokana na selulosi ya pamba au miti. Kiwandani huchanganywa na kilainishi ili isiwe kavu ikakatika. Miaka ikipita, kilainishi hicho hujitokeza na kupotea kidogo kidogo. Joto, jasho na mafuta ya nywele huchangia kuichakaza. Ndiyo maana mara nyingi weupe huanzia nyuma ya masikio. Ukiwa wa juujuu, fundi miwani huuondoa kwa kung'arisha. Ila kung'arisha ni kuparuza tabaka la juu, kwa hiyo isiwe desturi ya kila mwezi.

Niioshe kwa kitu gani?

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, na vidole vyako. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, huyeyusha asetati. Spiriti na sanitaiza nazo zikae mbali.

Imepanuka, niikunje mwenyewe?

Ikiwa baridi, hapana. Fundi huipasha kwa hewa ya moto hadi ilainike, ndipo airekebishe. Mwambie umri wa fremu, maana iliyokauka inaweza kukatika hata mikononi mwake. Usiipashe jikoni: fremu za kale za seluloidi, ambazo zikisuguliwa hunuka kafuri, hushika moto upesi mno. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto hilo linatosha kuipinda.

Mkono umevunjika, nitie supaglu?

Mvuke wake huweza kuacha utando mweupe kwenye lenzi, na gundi iliyoganda humtatiza fundi baadaye. Mpelekee vipande vyote.

Inanuka siki.

Asetati imeanza kuoza na kutoa asidi ya siki. Haina tiba. Itenge na miwani nyingine, na usiifungie kwenye kasha, kwa sababu asidi ikikosa pa kutokea huharakisha uozo. Okoa lenzi kwanza: kama bado zinakufaa, fundi anaweza kuzikata upya ziingie fremu nyingine, mradi iwe ndogo kuliko ya awali.