Ulizeni Kama Watoto, Wadogo Zangu

Wadogo zangu wa Makere, na ninyi mnaonisoma kutoka Kasulu, Kibondo na kwingineko, leo tuwaache kidogo waume na mawifi. Tuzungumze juu ya aibu. Simaanishi ile inayotufundisha kuheshimu wakubwa. Nasema ile inayomkalisha mama mzima kimya kwenye kikao cha kikoba, hesabu ya hela zake inasomwa, hajaelewa, na bado anaitikia kwa kichwa.

Mtoto wa miaka minne hana aibu hiyo. Muulize mama yeyote anayepalilia maharage na mtoto pembeni. Hili jani linaitwaje? Mbona hili unaling'oa na lile unaliacha? Ukimjibu, swali lingine liko tayari. Hafikirii kwamba akiuliza ataonekana mjinga, na ndiyo maana kwa mwaka mmoja anajifunza mambo mengi kuliko sisi kwa kumi.

Na kuanguka je? Mwaka 2012, Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walitoa matokeo ya utafiti wao wa kuwahesabia hatua watoto wanaojifunza kutembea. Kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa, na ndani ya saa hiyohiyo alianguka mara 17. Mara 17 kwa saa moja, wadogo zangu! Sisi tunakosea mara moja kutuma pesa kwa simu, kuanzia siku hiyo tunamkabidhi mtu mwingine simu pamoja na namba ya siri.

Hapa kwetu tunao walimu wa kukosea bila aibu karibu sana. Kambi ya Nyarugusu ipo jirani tangu 1996, walipokuja Wakongo waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 wakaja Warundi wengi. Shuleni watu wazima waliwatenga: watoto wa Kikongo walipangiwa mtaala wa kwao, wa Kirundi nao wa kwao, ili siku wakirejea makwao elimu yao isipotee. Sababu hiyo naielewa. Lakini mpira wa matambara hauna mtaala. Mtoto aliyekulia Kirundi anajitosa mchezoni na maneno matano ya Kiswahili, matatu kayakosea. Wenzake wanacheka, naye anacheka, wanamsahihisha, mchezo unaendelea. Mama yake anayatafuta maneno hayohayo kimoyomoyo, na sokoni ananyooshea kidole fungu la dagaa ili asichekwe.

Simcheki mama huyo. Amebeba mengi ambayo mtoto hajayajua. Wala sisemi maisha ya kambini ni mchezo kwa mtoto, maana si mchezo hata kidogo. Nasema tu kwamba maneno aliyoyahitaji mama, mtoto kayapata kwa sababu alikubali kukosea mbele za watu.

Sisi Waha tusijione afadhali. Kirundi tunasikilizana nacho kwa sababu Kiha ni ndugu yake, hivyo hapo hatutoi jasho. Jasho letu liko kwenye karatasi, simu na hesabu. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu wengi wa nchi hii walikaa kwenye madawati ya wajukuu wao wakifuatisha herufi. Walikuwa na mvi, na waliuliza. Sisi tuliosoma mpaka darasa la saba tumeipata wapi haya ya kuuliza?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tunapoumia. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Maana ya kufuli hizo ni kwamba hela za kikundi hazilindwi na imani peke yake. Kuuliza ni sehemu ya ulinzi huo. Mwanachama anayenyamaza asipoelewa ni sawa na aliyeacha kufuli moja wazi. Mweka hazina mwaminifu hakasiriki ukimuuliza hisa yako imefika ngapi. Akikasirika, uliza tena, mbele ya wote.

Kwa wakala wa pesa za simu nako ni hivyo hivyo. Usimtajie mtu namba yako ya siri hata awe mtoto wa dada yako. Mwambie, "Nielekeze, nibonyeze mwenyewe." Utakosea. Foleni itaguna. Anza upya. Na ujumbe wa muamala ukiingia, usome pale pale, na usipoelewa neno uliza kabla hujaondoka dirishani.

Ombi langu la mwisho ni kwa niaba ya watoto wenyewe. Tunawaambia, "Nyamaza, maswali yako mengi!" Binti wa miaka mitano akisikia hivyo kila siku, akifika darasa la nne hanyooshi tena mkono, na akiwa mkubwa ndiye yule anayeitikia kwa kichwa kwenye kikoba. Umechoka, najua, umetoka shamba na maji hayajachotwa. Basi mwambie, "Nikiinjika ugali uniulize tena," na yeye akikumbuka, mjibu. Usipolijua jibu, mwambie hujui, kisha mkamuulize pamoja anayejua.