Nyumba Mbili Sawa, Bei Mbili: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kununua

Chukulia nyumba mbili mjini Garissa. Kila moja ina vyumba vitatu vya kulala, tangi la maji na ukuta wa mawe kuizunguka. Ramani ni moja na fundi ni yule yule. Ya kwanza inauzwa shilingi milioni 6, ya pili milioni 4. Mfugaji aliyeuza ngamia ili watoto wake wasome mjini anaweza kuiona ya pili kuwa bahati. Huenda ni kweli. Huenda pia muuzaji anajua jambo ambalo mnunuzi hajauliza.

Kuta ni sehemu tu ya bei. Tofauti hutokana zaidi na mambo manne.

Stakabadhi. Tuseme nyumba ya kwanza ina hatimiliki, na ya pili ina barua ya ugawaji wa ploti pekee. Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu iliamua kuwa barua kama hiyo haimpi mtu umiliki wa ardhi kabla ya masharti yake kutimizwa na ardhi kusajiliwa. Pembezoni mwa mji kuna tahadhari nyingine: chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mtu mmoja hawezi kuuza ardhi ya jamii kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mto Tana. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalizihamisha familia zilizoishi karibu na mto. Maji hayo si lazima yatokane na mvua ya Garissa. Mvua ikizidi nyanda za juu na mabwawa ya Seven Forks yakafurika, mto hujaa huku chini hata kukiwa na jua.

Huduma. Nyumba isiyo na maji ya mfereji hutegemea boza au mkokoteni wa punda. Kilichookolewa siku ya kununua hutoka mfukoni kidogo kidogo kila mwezi. Stima, njia ya majitaka na barabara inayopitika wakati wa mvua pia huongeza thamani.

Madeni. Ada za ardhi zisizolipwa kwa kaunti hubaki kwenye ploti hata mwenyewe akibadilika.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, mnunuzi anashauriwa:

1. Kufanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi, ili kujua mmiliki ni nani na kama ploti imewekwa rehani au ina kesi.
2. Kumtumia mpima ardhi aliyesajiliwa kuthibitisha bikoni.
3. Kuuliza afisi ya kaunti kuhusu ada na matumizi yaliyoidhinishwa ya ploti.
4. Kuwauliza majirani wa siku nyingi maji ya mafuriko yalifika wapi.

Nyumba ya bei nafuu ikipita majaribio yote manne, mnunuzi ameokoa milioni 2. Isipopita, huenda hizo milioni 2 zisitoshe kulipia tatizo atakalolirithi.