Somo la Wiki: Betri Isomwe Kabla ya Kulipiwa
Betri ya lithiamu ya volti 51.2 huwa na seli 16 zilizoungwa mfululizo, kila moja volti 3.2. Ndani mna kidhibiti kiitwacho BMS. Hupima kila seli, na moja ikishuka mno hukata umeme wote, hata kama zile 15 bado zina chaji. Hapo ndipo mnunuzi wa betri iliyotumika hupata hasara: amelipia sanduku zima, amepata uwezo wa seli iliyo dhaifu kuliko zote.

Mita ya fundi haimsaidii sana. Seli za fosfeti ya chuma hukaa kwenye volti 3.2 hadi 3.3 kwa muda mrefu, hivyo betri ikiwa nusu seli zote huonekana sawa (na muuzaji mjanja huionyesha ikiwa nusu). Tofauti hujitokeza ikikaribia kujaa au kuisha.

BMS nyingi zina tundu la RS485 au CAN. Likiungwa, kwa kifaa cha kati, na kompyuta ndogo yenye Home Assistant, programu ya bure ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, volti za kila seli huonekana na kuwekwa kumbukumbu. Programu hiyo huweza pia kuzima hita ya maji chaji ikipungua. Ulinzi wenyewe uachiwe BMS, kwani kompyuta hukwama.

Betri isiyo na tundu, au ambayo kiwanda hakitoi maelezo ya mawasiliano yake, ipunguziwe bei.